Bisimwa na Matabishi ya Satelite

Bukavu ilikuwa na mtu mmoja tu aliyezungumza na mbingu kila asubuhi kabla ya kunywa chai, na huyo hakuwa padri. Alikuwa Bisimwa, mtoto wa Maman Cibalonza wa Mumosho, fundi wa kituo cha satelite, mwenye abakost moja ya kijivu, ile suti isiyo na tai, na maneno ya kutosha abakost kumi. Shule alikuwa ameipata ya kutosha kujidai, ila si ya kutosha kunyamaza. Alisoma ufundi miaka minne hapa mjini, akapelekwa Kinshasa miezi sita, na tangu siku aliyoshuka ndege akawa anatembea barabarani kama mtu aliyebeba yai kichwani. Lakini mumpende tu. Mji usio na mtu mmoja wa namna ile unakuwa mji wa kulala mapema.

Kituo chenyewe kilikuwa juu ya kilima: nyumba ya matofali, grupu ya umeme inayokohoa nyuma, na uani parabole kubwa nyeupe ambayo mbuzi wa jirani walipenda kulala chini yake jua likiwa kali. Watu wa mtaa waliiita sufuria ya Bisimwa. Jina hilo lilimchoma. Kila aliyesimama karibu naye muda wa kuwasha sigara alielezwa kwamba sufuria ile inatazama kitu kilichoning'inia mbali kuliko Kinshasa mara ishirini na zaidi, kitu chenye mabawa ya kunywa jua, kinachomulika nchi nzima kwa miali mitatu, kama mtu aliyeshika matochi matatu yanayokula betri moja. Mwali mmoja magharibi, mmoja katikati, mmoja huku kwetu mashariki. Na ndani ya mwali wetu tulikuwa vituo vinne: Bukavu, Kindu, Kalemie na Kisangani. Kituo kimoja kikipiga kelele sana, kile kitu cha juu kinampa yeye nguvu yote, na wengine wanabaki kunong'ona. Wote wanne wakipiga kelele pamoja, hakuna anayesikika. Bisimwa alilieleza jambo hili vizuri kabisa, kwa vidole na kwa vijiti vya kiberiti, halafu akawa wa kwanza kulisahau.

Maana kila kituo kilikuwa na kipimo chake. Kwenye mashini kulikuwa na mita yenye mshale, na chini yake buto ya kuongeza nguvu. Wakubwa wa Kinshasa walikuwa wameonyesha mshale usimame wapi, na Bisimwa, ili asisahau, alikuwa ameweka alama pale kwa tone la rangi nyekundu ya kucha ya mke wake. Pale pekundu ndipo haki ya Bukavu ilipoishia.

Sasa msimwone kama mwizi. Kosa lake lilitoka sokoni, na lilitoka katika wema.

Mke wake, Nsimire, aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Kadutu. Alikuwa na basini ya bluu na kikombe cha bati. Alijaza kikombe mpaka kikaota kichwa, akamwaga kwenye jani, halafu, mteja akiwa bado hajaondoa macho, aliingiza vidole vitatu ndani ya basini na kuongeza sambaza chache juu. Hiyo ndiyo matabishi. Mtu asiyeitoa Kadutu hafiki mbali. Atarudi nyumbani na sambaza zake zikinuka, na watu watamsema mpaka kanisani. Bisimwa alilelewa kwa matabishi, na hata mke alimpata kwa matabishi, kwa kuwa alinunua sambaza mara tatu siku moja mpaka Nsimire akamwuliza kama nyumbani kwake kuna paka au kuna shida.

Mtu wa namna hiyo, unafikiri angempa mjane laini ya simu iliyopimwa kavu kavu? Karani wa kabini ya simu kule posta alikuwa anamwita kwa laini ya kazi: iko mama mmoja ametoka Kabare, anataka kuongea na mwanawe. Bisimwa alijibu kwamba mumupe, naongeza kidogo. Na vidole vyake vilizungusha buto, kidogo tu, upana wa kucha. Padri akija, upana wa kucha. Mwalimu wake wa zamani, kucha mbili, kwa sababu ya viboko alivyosahau kumpiga. Watu walitoka kabini wakisema leo nimesikia kama yuko hapa, na Bisimwa alirefuka kwa ile sifa mpaka abakost ikawa fupi.

Kitu ambacho hakujua, au ambacho hakutaka kujua, ni kwamba Edouard, fundi wa Kindu, naye alikuwa anaongeza kwa ajili ya wakwe zake. Kalemie aliongeza kwa ajili ya wenye boti. Kisangani aliongeza kwa yeyote aliyemsalimia vizuri. Wote wanne walikuwa watu wema kabisa, na ilipofika mwaka wa 1985 wema wao ulikuwa umejaza mwali wa mashariki kelele tupu. Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa mbaya kupita zote, wakati ofisi zimefungwa na familia zimeamka. Sauti zilikanyagana. Bukavu ilisema ni Kindu, Kindu ilisema ni Bukavu, na wote wanne waliandika kwenye ripoti kwamba ni jua.

Hapo ndipo lilipomfika jambo la mama yake.

Maman Cibalonza alikuwa na mtoto wa kwanza, Isidore, ambaye aliondoka Mumosho miaka kumi na moja kabla. Baba yao alipokufa, Isidore alikuwa kwenye boti za mto, barua ikamfikia wiki tatu baadaye, na alipokuja kaburi lilikuwa limekwisha kuota nyasi. Mama yake hakusikiliza habari ya barua. Alisimama mlangoni akamwambia asikanyage tena kiwanja chake. Isidore aliokota begi lake. Hakukanyaga tena.

Miaka ikapita, hasira ikaisha, lakini neno lilibaki. Kwa ukoo wao, neno la mama lililotoka kwa hasira haliondolewi kwa barua wala kwa kutumwa mtu. Linaondolewa na mdomo uleule, likaingia sikio lilelile, na juu yake mama anapuliza maji aliyoweka mdomoni, ili neno lipoe. Bila hivyo mtoto anaendelea kutembea nje ya kiwanja hata akiwa Ulaya. Maman Cibalonza alikuwa ameanza kuchoka magoti, na Kinshasa, ambako Isidore alisemekana yuko, si mahali unapokwenda kwa magoti. Basi alimwambia Bisimwa: weye unasema kila siku unaongeaka na mbingu, nitafutie kaka yako.

Bisimwa alimtafuta. Isidore, kwa kupitia mtu wa parokia, akakubali kuja kabini ya Kinshasa Jumamosi moja, saa tisa ya kwetu. Bisimwa alimwambia mama yake atamsikia Isidore mpaka anavyomeza mate. Aliwaambia majirani pia, ambao hawakuwa wameuliza.

Jumamosi ile Bisimwa aliweka mkono kwenye buto tangu saa nane na nusu. Kwa mama mzazi huongezi upana wa kucha. Aliongeza vidole viwili vizima. Kindu, waliposikia laini zao zinafifia, wakaongeza. Kalemie wakaongeza. Kisangani hawakusubiri kuombwa. Kule kabini Maman Cibalonza alishika kombine ya simu kwa mikono miwili, akaita jina la mtoto wake mara nne, na kilichomjibu kilikuwa kama mvua juu ya mabati. Alingoja, akaita tena. Halafu akairudisha kombine mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Hakumkaripia Bisimwa. Bora angemkaripia. Alisema tu, akiwa anafunga kitenge vizuri kiunoni:

"Kumbe hata mashini inakatala mudomo yangu."

Siku ya pili ikaja telegramu. Isidore alikuwa amesimama kabini saa nzima, hakusikia neno, amemwelewa mama. Jumatatu ya wiki ijayo, si ya kesho, anapanda boti kwenda juu ya mto, na kurudi hajui lini.

Bisimwa alirudisha telegramu palepale: ni mashini, si mama, rudi Jumamosi, saa ileile. Halafu akakaa jikoni akaanza kuwashtaki watu wa Kindu. Alimweleza Nsimire mwali, betri, mshale, na tabia ya Edouard ambaye hajawahi kumwona uso. Nsimire alikuwa anachambua sambaza, anatupa zilizopondeka kwenye kibakuli kidogo pembeni. Alimwacha aongee mpaka aishiwe. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Ile nguvu unaongezaka batu, inatoka wapi?"

"Kule juu. Ku satelite."

"Iko yako?"

"Iko ya sisi bote."

"Mi nikiongeza mukono, sambaza inatoka mu basini yangu. Mangaribi njo nakula kidogo. Weye ukiongeza, unakula kidogo wapi?"

Bisimwa aliinua vidole ahesabu, akavirudisha mezani.

"Basi haiko matabishi, papa," Nsimire akasema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Iko mukono mu basini ya jirani."

Jumatatu asubuhi Bisimwa alifika kituoni, akasugua vumbi kwenye kioo cha mita, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi akaurudisha mshale kwenye alama nyekundu. Peke yake. Hakumwambia mtu, na kwa mtu wa aina yake kutosema ilikuwa kazi kubwa kuliko kuzungusha buto.

Laini za Bukavu zikawa mbaya zaidi, maana wengine watatu walikuwa bado juu. Karani wa posta aliuliza kama amelala. Mfanyabiashara mmoja wa ngano alipanda kilima kwa mguu, akiwa na viatu vizuri, ili amwite mjinga uso kwa uso. Padri alituma salamu fupi. Bisimwa alivumilia Jumatatu, akavumilia Jumanne, na Jumanne jioni alikuwa ameshaweka vidole kwenye buto mara tatu na kuviondoa mara tatu, kama mtu anayejaribu sufuria ya moto.

Jumatano, saa ya ripoti, Edouard wa Kindu akaita kwa laini ya kazi. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mnene, ingawa baadaye ilijulikana alikuwa mwembamba kama ufito.

"Bukavu, uko mugonjwa? Tangu juzi laini zangu ziko zinapumua."

Hapo Bisimwa angeweza kusema uongo mzuri. Alikuwa nao tayari: amri kutoka Kinshasa, kipimo kipya, majina ya wakubwa. Badala yake alisema yote. Alisema habari ya mjane, ya padri, ya mwalimu, ya kucha moja na kucha mbili. Alisema habari ya mama yake kuita mara nne.

"Mi pia naongezaka," Edouard akasema. "Niko na bakwe munane. Mukwe haiko mutu wa kupimia na rula."

Wakacheka mpaka mshale ukacheza. Kisha Edouard akaita Kalemie, Kalemie akakana kwanza halafu akakiri, na Kisangani, ambaye alikuwa anasikiliza kimya tangu mwanzo, akauliza kama haya yanaandikwa mahali. Hayakuandikwa. Kilichoandikwa, kwa biki, nyuma ya kalenda ya kituo cha Bukavu, kilikuwa zamu. Kila siku wote wanasimama kwenye alama. Lakini kila mmoja anapata saa yake ambayo wengine watatu wanashuka chini kidogo ya alama, ili nguvu waliyoiacha imfikie yeye bila yeye kugusa kitu. Kindu alichukua Ijumaa saa sita, saa ya wakwe. Kalemie alichukua Jumatatu asubuhi, boti zikifika. Bukavu, Jumamosi saa tisa. Kisangani alisema yeye hana haja kubwa, na mwisho wa mazungumzo alikuwa amebeba saa mbili. Kila kundi lina mtu wake.

Edouard akaongeza sharti moja. Siku hiyo Bisimwa asipandishe hata unywele. Akipandisha, wao watamwona mara moja kwenye mishale yao, na hakuna atakayeshuka tena kwa ajili ya mtu.

Jumamosi Nsimire aliacha basini kwa dada yake akamshika mama mkwe mkono kwenda posta. Maman Cibalonza alikuwa na kichupa cha maji ya Mumosho ndani ya kitenge. Bisimwa hakwenda nao, ingawa alitamani. Mahali pake palikuwa kule juu.

Saa tisa kasoro dakika tano mvua ikaanza. Mvua ya Bukavu haibishi hodi. Ilipiga parabole, ikapiga mabati, mbuzi wakakimbilia mlangoni. Kwa laini ya kazi Kindu akasema nimeshuka. Kalemie akasema nimeshuka. Kisangani akasema nimeshuka, nikumbukwe.

Juu ya mashini kulikuwa na kaske ya masikio ambayo fundi aliruhusiwa kuvaa ili kupima laini. Bisimwa aliishika, akaigeuza mikononi, akaitundika kwenye msumari. Neno lile lilikuwa na sikio lake, na halikuwa la kwake. Alibaki na mishale miwili tu: mmoja unacheza sauti ikipanda kutoka Bukavu, mwingine sauti ikishuka kutoka Kinshasa. Mkono wa kulia aliukalia, kabisa, kama mtu anayekalia barua.

Mshale wa Bukavu ukatingishika. Mara moja, fupi: jina. Halafu kimya. Halafu ule wa Kinshasa ukainuka, kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni. Bisimwa akapumua.

Mama yake alianza kusema. Mshale ulikwenda, ukasimama, ukaenda. Na katikati, mvua ikazidi, na mishale yote miwili ikaanza kulegea, kuzama, kama watu wanaosinzia. Mkono ukatoka chini yake wenyewe. Vidole vilifika kwenye buto. Upana wa kucha tu; nani angelaumu? Ila akilini aliwaona watu watatu ambao hawajui sura yake, kila mmoja ameketi mbele ya mita yake na kuacha laini za wateja wake zififie kwa ajili ya bibi wa Mumosho. Wale ndio walikuwa wanakula kidogo. Akaurudisha mkono mahali pake akaukalia tena, na kumwomba Mungu kwa Kifaransa, lugha aliyoitumia kwa mambo ya kazi.

Mshale ulikaa pale chini, hauzami zaidi. Ukacheza mdogo mdogo, lakini ukacheza. Mvua ikapita kuelekea ziwani. Mishale ikapanda yenyewe, polepole, mpaka mahali pake.

Ghafla ule wa Bukavu ukaruka mpaka ukagonga mwisho wa mita, na kurudi. Bisimwa akasimama wima. Alitazama waya, akatazama grupu, akanusa kama kuna kitu kinachoungua. Hakuna. Mshale ulikuwa umelala, umetulia.

Halafu mshale wa Kinshasa ukaanza kutetemeka. Haukuwa wa maneno; maneno yanapanda na kushuka. Huu ulitetemeka tu, haraka haraka, ukasimama, ukatetemeka tena. Kucheka au kulia, mita haiwezi kutofautisha. Bisimwa aliutazama mpaka yeye mwenyewe akawa hauoni vizuri, na akasema ni moshi wa grupu, ingawa humo ndani hakuwa na mtu wa kumwambia.

Karani wa posta alipiga simu baadaye, amekasirika. Ile mama yako, akasema, imejaza maji mdomoni na kuyapuliza yote mu kombine, na sasa kombine inakohoa. Ilikohoa mwezi mzima, na watu walioitumia waliambiwa ni baraka.

Nsimire alirudi na mama mkwe kabla jua halijazama. Maman Cibalonza alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akamwambia Bisimwa kwamba Isidore amesikia, hata pumzi aliisikia, na boti ikishuka atakuja Mumosho kukanyaga kiwanja kwa miguu miwili. Halafu akauliza kama kuna chakula, maana kusema kunachosha.

Nsimire alipakua ugali na sambaza. Bisimwa alikuwa anasimulia jinsi alivyoikalia mikono yake, ambayo sasa ilikuwa imekuwa mikono yote miwili, na dhoruba ilikuwa imeangusha miti. Katikati ya dhoruba akanyamaza. Alikuwa ameona sahani ya mke wake. Sambaza sita au saba, zile zilizopondeka, za kibakuli cha pembeni. Alijaribu kukumbuka sahani ya jana, na ya mwaka jana, na hakukumbuka hata moja yenye zaidi.

Aliingiza vidole vitatu kwenye sahani yake mwenyewe, akachukua sambaza nzuri, nzima, akaziweka juu ya ugali wa Nsimire.

"Ya nini?" Nsimire akauliza.

"Matabishi," akasema Bisimwa, akaendelea na dhoruba yake.